Kukuza Picha ya Dijitali: Hesabu Yake na Mpaka Wake

Ukiacha ubao na chaki, picha ndiyo zana ambayo mwalimu wa shule ya msingi huitegemea kuliko nyingine nyingi. Katika vyuo vyetu wanachuo wamezoea kufundishwa namna ya kuikuza picha ndogo ya kitabuni ili ionekane na darasa zima: picha hupigwa mistari ya miraba, karatasi ya manila nayo hupigwa miraba iliyo mikubwa zaidi, kisha mchoro huhamishwa mraba kwa mraba. Siku hizi aghalabu picha haitoki kitabuni, bali hutoka katika kamera au simu, na kazi ya kuikuza hufanywa na kompyuta kufumba na kufumbua. Maadamu kazi imekuwa nyepesi hivyo, wengi hudhani kwamba hakuna la kuelezwa. Sisi tunaona kinyume chake. Mchoraji wa miraba alijua kila mstari aliouongeza kwa mkono wake. Anayebonyeza kitufe hajui ni nini kilichoongezwa, na hicho kilichoongezwa ndicho atakachowaonyesha watoto.

Makala hii yahusu kukuza picha za dijitali ili zitimize vipimo vya maktaba za picha. Maktaba ya picha ni shirika linalokusanya picha za wapigapicha wengi na kuzitoa, kwa malipo au bure, kwa wachapishaji wa vitabu, magazeti na majarida. Tumechagua upande huo kwa sababu mbili. Kwanza, huko vipimo vimeandikwa kwa tarakimu, na kwa hiyo jambo lenyewe laweza kuchunguzwa kwa hesabu, si kwa maoni. Pili, picha ya ndege au ya mdudu iliyomo katika kitabu cha Sayansi yaweza kuwa imepitia katika maktaba ya namna hiyo, na mwanachuo mwenye simu nzuri aweza leo kupeleka huko picha yake mwenyewe. Linaloingia katika maktaba hizo halikawii kufika darasani.

Pikseli

Picha ya dijitali ni jedwali la vimraba vidogo sana, vilivyopangwa kwa safu za kulala na za kusimama, na kila kimraba kina rangi moja tu kutoka pembe hadi pembe. Kimraba hicho huitwa pikseli. Rangi yake huandikwa kwa namba tatu, yaani kiasi cha nyekundu, kiasi cha kijani na kiasi cha buluu, na kila kiasi huwa kati ya 0 na 255. Sisi tunaona jani la mhogo. Kompyuta ina jedwali la namba tu, na lolote itakalotenda juu ya picha, italitenda juu ya namba hizo.

Picha ya kwanza kuingizwa katika kompyuta kwa njia hii ilitengenezwa nchini Marekani mwaka 1957 na Russell Kirsch na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi katika taasisi ya taifa ya vipimo na viwango ya nchi hiyo. Ilikuwa picha ya mtoto mchanga wa Kirsch mwenyewe. Ilikuwa na pikseli 176 kwa kila upande, nazo zote pamoja ni 30,976. Uso wa mtoto unatambulikana bila shaka yoyote, lakini huwezi kuhesabu kope zake, kwa kuwa kope ni nyembamba kuliko pikseli. Mfano huo twaupenda sana kwa kufundishia. Mwambie mwanafunzi achore uso wa mtu katika daftari la hesabu lenye miraba, kwa kujaza miraba mizima tu, upande mmoja miraba 16 na upande wa pili 16. Ataweza kuonyesha macho, pua na mdomo. Akitaka kuonyesha kovu dogo shavuni atakwama, naye atakuwa ameelewa pikseli ni nini bila ya kuambiwa neno lenyewe.

Megabaiti za maktaba

Maktaba moja inayojulikana sana ni Alamy, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1999. Katika miaka ya 2000 maktaba hiyo ilidai kwamba kila picha iwe na ukubwa wa megabaiti 48 kabla ya kubanwa. Wapigapicha wengi wa wakati huo walitumia kamera zenye pikseli milioni 6 hivi. Kamera moja iliyoenea, Canon EOS 300D ya mwaka 2003, ilitoa picha ya pikseli 3,072 kwa 2,048. Na tuzidishe. Pikseli zote ni 6,291,456. Kila pikseli huhitaji namba tatu, na kila namba huchukua baiti moja. Kwa hiyo picha nzima ni baiti 18,874,368. Megabaiti moja ni baiti 1,048,576. Ukigawa, utapata megabaiti 18 kamili. Iliyotakiwa ilikuwa 48.

Hapo wanachuo wengi hutatizika, nasi yatupasa kusimama kidogo. Ukilitazama faili la picha hiyo ndani ya kompyuta, yamkini utaona limeandikwa megabaiti 3 au 4 tu, si 18. Sababu yake ni kwamba faili la aina ya JPEG limebanwa, mfano wa pamba inayobanwa ikawa robota ili ichukue nafasi ndogo ghalani. Maktaba hupima pamba iliyofunguliwa. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: robota likifunguliwa pamba yote imo, lakini JPEG hutupa sehemu ya habari za picha wakati wa kubana, na sehemu hiyo hairudi tena. Mtu asiyejua tofauti hii huenda akaikuza picha isiyohitaji kukuzwa, kwa kudhani kwamba megabaiti 3 anazoziona ndizo zinazopimwa. Tumeliona jambo hilo mara nyingi kuliko tunavyopenda kusema.

Kwa nini 48? Namba hiyo haikuokotwa njiani. Megabaiti 48 zikigawanywa kwa 3 hutoa pikseli 16,777,216, ambazo kwa picha yenye umbo la 3 kwa 2 ni karibu pikseli 5,017 kwa 3,345. Majarida yenye karatasi laini huchapishwa kwa kutumia pikseli 300 katika kila inchi moja. Gawa 5,017 kwa 300, upate inchi 16.7, yaani sentimita 42 na nusu hivi. Gawa 3,345 kwa 300, upate sentimita 28 na kitu. Huo ni takribani upana na kimo cha kurasa mbili za jarida zinazotazamana. Maktaba ilitaka kila picha iwe tayari kwa matumizi makubwa kuliko yote ambayo mnunuzi wa kawaida angeyaomba.

Basi mpigapicha mwenye megabaiti 18 alifanyaje? Aliikuza picha yake kwa kompyuta, na maktaba yenyewe ilimwelekeza afanye hivyo. Urefu na upana vilizidishwa kwa 1.63, na eneo likazidi kwa 2.67. Tazama sasa uwiano: pikseli 6,291,456 katika 16,777,216 ni tatu ya nane kamili. Kati ya kila pikseli 8 za picha iliyokuzwa, kamera ilileta habari za pikseli 3. Zile 5 zilizobaki zilikuwa makisio ya kompyuta.

Makisio hayo hufanywaje

Wataalamu huyaita makisio hayo intapolesheni. Mwalimu anaweza kuyafundisha kwa kutumia kipimajoto bila ya kompyuta yoyote. Darasa limepima joto saa 12 asubuhi, likapata nyuzi 20. Likapima tena saa 6 mchana, likapata nyuzi 30. Saa 3 asubuhi joto lilikuwa kiasi gani? Wanafunzi watajibu 25, nao watakuwa wamejibu vema, maana hayo ndiyo makisio bora yanayowezekana kwa habari zilizopo. Lakini kama saa 3 ilipita mvua ikaondoka, joto huenda lilishuka chini ya 20. Makisio hayana njia ya kuijua mvua hiyo. Yanajua 20 na 30 tu.

Kompyuta inapoikuza picha hufanya hivyo hivyo. Tuseme pikseli mbili jirani zina mwanga wa 40 na 80. Ikihitaji kuweka pikseli mpya katikati yao huandika 60, na katika sehemu kama anga au ukuta uliopakwa rangi moja, makisio hayo hayana dosari ya kuonekana. Shida huanza ukingoni. Ukingo wa jani mbele ya anga ni mahali ambapo pikseli moja ni 40, giza la jani, na jirani yake ni 200, mwanga wa anga. Katikati kompyuta huandika 120, rangi ambayo si ya jani wala si ya anga, na ambayo haikuwapo shambani. Ukingo uliokuwa mkali umekuwa na utando. Hiyo ndiyo sababu ya picha iliyokuzwa kuonekana kama imepigwa penye ukungu.

Kuna njia iliyo duni zaidi, ambayo haikisii chochote bali hurudia jirani aliye karibu: 40, 40, 200, 200. Ukingo hubaki mkali, ila mistari ya mshazari huwa kama ngazi. Njia hiyo haifai kwa picha ya kamera, lakini yafaa sana kwa kukuza mchoro wa miraba au jedwali lenye mistari iliyonyooka, nasi tunawasihi wanachuo wasiidharau. Na kuna njia iliyo bora, inayoangalia pikseli 16 za jirani badala ya 4 au 2, na kuzipa uzito tofauti kwa kadiri ya umbali wake. Makala ya Robert Keys ya mwaka 1981 ndiyo iliyoieleza kwa namna inayotumika hadi leo katika programu nyingi. Njia hii hulinda ukingo vizuri zaidi, ingawa mara nyingine huweka mstari wa mwanga kandokando ya ukingo, kama taji lisilostahiliwa. Programu ya GIMP, ambayo hutolewa bure na yaweza kuwekwa katika kompyuta yoyote ya chuo, ina njia zote tatu, na mwanachuo aweza kuzilinganisha kwa picha moja katika muda wa kipindi kimoja.

Hapa mwanachuo mwangalifu atatukatiza, naye ana haki. Je, kamera yenyewe haikisii? Hukisia. Tangu Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak alipopewa hataza ya ugunduzi wake mwaka 1976, kamera nyingi zimejengwa hivi kwamba kila kijisehemu cha kupokea mwanga hupima rangi moja tu kati ya tatu, na zile mbili hukisiwa kutoka kwa majirani. Kwa hiyo hata picha iliyotoka kamerani moja kwa moja si kipimo kitupu. Hata hivyo kijisehemu hicho kilipokea mwanga halisi uliotoka katika kitu chenyewe. Pikseli iliyoongezwa baadaye haikupokea mwanga wowote.

Utaratibu wa kazi

Kwa yule ambaye hana budi kukuza, utaratibu una maana. Kazi ianze na picha ya asili iliyotoka katika kamera, kamwe isianze na nakala iliyopitishwa kutoka simu hadi simu, kwa kuwa programu nyingi za kupelekeana ujumbe hupunguza pikseli na kubana faili kabla ya kulituma. JPEG, ambayo kanuni yake ilitolewa mwaka 1992, hugawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kubana kila kipande peke yake. Picha ikiwa imebanwa mno, mipaka ya vipande hivyo huonekana, na kuikuza picha ni kuikuza mipaka hiyo pia. Tumeziona picha za uso wa mtu zilizotoka hivyo, mashavu yakiwa kama sakafu ya vigae.

Madoa ya vumbi na chengachenga za gizani viondolewe kwanza, ili visikuzwe pamoja na picha. Kuongeza ukali wa kingo, kinyume chake, kufanywe mwisho, baada ya kukuza, na kwa mkono mwepesi. Ukali ulioongezwa mwanzoni hukuzwa ukawa ile mistari ya mwanga tuliyoitaja. Picha ihifadhiwe kwa aina ya faili isiyotupa kitu, kama TIFF, mpaka kazi yote itakapokwisha, ndipo itolewe nakala moja ya JPEG ya kupelekwa maktaba. Mwisho picha itazamwe kwa ukubwa wake kamili, pikseli moja ya picha kwa pikseli moja ya kioo, tangu pembe hadi pembe, kwani wakaguzi wa maktaba huitazama hivyo. Picha iliyopigwa mkono ukitetemeka, au ambayo lenzi haikulenga vizuri, haitaponywa na hatua hizi. Itupwe, au irudiwe kupigwa.

Vipimo vilivyobadilika

Maktaba za picha hazikubaki na sheria ile ya 48. Kadiri kamera zilivyoendelea, Alamy ilishusha kipimo chake kwa hatua hadi kufikia megabaiti 17, na megabaiti 17 ni pikseli milioni 5.9 hivi. Maana yake ni kwamba kamera ya mwaka 2003 tuliyoihesabu hapo juu, yenye megabaiti 18, inatimiza kipimo bila ya kuongezewa hata pikseli moja. Adobe Stock nao hutaka picha isiyopungua pikseli milioni 4. Simu yenye pikseli milioni 12, yaani 4,000 kwa 3,000, huvipita vipimo vyote viwili kwa mbali.

Sisi twaona mabadiliko hayo yalikuwa ya haki. Kipimo cha 48 kiliwafanya wapigapicha wapeleke pamba iliyoloweshwa maji ili izidi uzito mizanini. Mnunuzi aliyehitaji ukurasa mzima angeweza kuikuza picha mwenyewe, kwa kadiri alivyotaka, akijua anachokifanya. Wikimedia Commons, hazina ya picha za bure iliyoanzishwa mwaka 2004, ambayo tungependa kila mwanachuo aijue, imeliweka jambo hili wazi kuliko wengine. Picha inayoombewa daraja la ubora huko hutakiwa kuwa na pikseli zisizopungua milioni 2, na masharti yanasisitiza kwamba ziwe pikseli za kweli, zenye habari ndani yake. Picha ya pikseli laki 5 iliyokuzwa ikawa milioni 2 ina hesabu inayotakiwa, lakini haina habari zinazotakiwa.

Haja ya kukuza imebaki katika jambo moja hasa, nalo ni kukata. Mwanachuo amepiga picha ya mti mzima, na juu ya tawi moja yupo kinyonga. Anamkata kinyonga peke yake kutoka katika picha ya 4,000 kwa 3,000, akabaki na kipande cha 1,500 kwa 1,000. Hizo ni pikseli milioni 1 na nusu. Ili afikie milioni 4 atahitaji 2,450 kwa 1,633, yaani kuzidisha kila upande kwa 1.63, sawasawa na mpigapicha wetu wa mwaka 2003. Kwa wastani huo, na picha ikiwa kali, kazi yaweza kukubalika. Ushauri wetu ni kwamba asizidishe upande kupita mara 2, na kwamba kabla ya kukuza ajiulize kama kinyonga hakuwa mbele yake kwa muda wa kutosha kumsogelea na kumpiga picha nyingine.

Kompyuta inayobuni

Yote tuliyoyasema hadi sasa yahusu makisio ya wastani, ambayo kosa lake kubwa ni utando. Tangu mwaka 2014, watafiti walipoanza kutumia mitandao ya kompyuta iliyofunzwa kwa mifano ya picha nyingi, imezuka njia nyingine. Programu huoneshwa picha ndogo na kubwa za vitu vile vile mara elfu nyingi, ikajifunza ni chembechembe gani za picha kubwa ambazo kwa kawaida hulingana na zile za picha ndogo. Ikiletewa picha mpya, hujaza kilichokosekana kwa yale iliyoyazoea. Adobe waliiweka njia hiyo katika programu yao ya picha mwaka 2021. Huzidisha kila upande kwa 2, na pikseli zote kwa 4. Kwa majani, mawe, manyoya na nywele, matokeo yake hupendeza kwelikweli, na hayana utando.

Hatari yake imo katika uzuri huo. Utando ulimwonya mtazamaji kwamba hapa pana makisio. Kitu kilichobuniwa kwa ukali hakimwonyi mtu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa programu iliyoweza kupokea uso wa pikseli 16 kwa 16 tu na kutoa uso mkali wa pikseli 1,024 kwa 1,024. Watu wakaijaribu kwa picha iliyofifishwa ya Barack Obama, aliyekuwa rais wa nchi hiyo kuanzia 2009 hadi 2017. Programu ikatoa uso wa mzungu. Haikuwa na nia mbaya, kwa kuwa haina nia. Ilitoa sura ambayo, ikipunguzwa, ingelingana na vile vimraba 256, na sura ilizozizoea zaidi zilikuwa za wazungu. Waliotunga programu hiyo walieleza kwamba haikukusudiwa kutambua watu. Lakini mwanachuo na afikirie picha ya watoto wa shule yake, iliyopigwa kutoka mbali na kukuzwa na programu ya namna hiyo. Nyuso atakazobandika ukutani zitakuwa za nani?

Kwa mwalimu wa Sayansi jambo si dogo zaidi. Kupe aliyekomaa ana miguu 8, na mdudu ana miguu 6; kuhesabu miguu ni miongoni mwa mazoezi ya kwanza ya kuainisha wanyama. Katika picha ndogo ya kupe, miguu miwili huenda imeshikana ikawa kama mmoja. Makisio ya wastani yataiacha imeshikana, na mwanafunzi atalalamika kwamba haoni. Programu inayobuni yaweza kuikata vizuri ikawa mmoja mnene, au ikaongeza mguu usiokuwapo, na mwanafunzi hatalalamika. Atahesabu, ataandika daftarini, na mwalimu hatakuwa na njia ya kujua kwamba picha ndiyo iliyokosea. Kwa sababu hiyo tunashikilia kwamba picha ya kuhesabia, ya kupimia, ya kusomea maandishi au ya kutambulisha mtu isikuzwe kabisa kwa njia hiyo, ijapokuwa maktaba itaikubali.

Picha ya ukutani

Lipo jambo moja ambalo huwapunguzia wanachuo mzigo mzima, nao hawalijui. Wengi hukuza picha kwa ajili ya ukuta wa darasa kwa kufuata kile kipimo cha pikseli 300 kwa inchi. Kipimo hicho ni cha jarida linaloshikwa mkononi. Jicho zima, kitu kikiwa umbali wa sentimita 30, hutenganisha vitone vilivyoachana kwa karibu milimita 0.09, na hapo ndipo zinapotoka zile 300. Mtazamaji akiwa mita 3, jicho hilo hilo hutenganisha milimita 0.9 tu, pikseli 29 kwa inchi zamtosha. Picha ya ukutani yenye urefu wa sentimita 84 na kimo cha 59, ikitazamwa kutoka dawati lililo mita 3, huhitaji karibu pikseli 1,000 kwa 700, ambazo hata simu duni huzitoa. Kwa mtoto wa dawati la mbele aliye mita 1, zahitajika 2,900 kwa 2,000 hivi, na simu ya pikseli milioni 12 inazo. Mwenye kuchapa huongeza pikseli mwenyewe kwa mashine yake, na hakuna faida ya kumtangulia.

Mwanachuo anayetaka kulijaribu somo hili katika mazoezi ya kufundisha, kwa darasa la 5 au la 6, atahitaji jani moja, rula, karatasi ya miraba na vipindi viwili. Wanafunzi wachore jani katika miraba 16 kwa 16 kwa kujaza miraba mizima. Wabadilishane madaftari, na kila mmoja aukuze mchoro wa mwenzake mara 3 kila upande, akikisia miraba iliyoongezeka, bila ya kuliona jani. Wahesabu miraba: 256 imekuwa 2,304, na mara 3 za upande zimekuwa mara 9 za eneo, jambo ambalo wengi watakataa kuliamini mpaka wahesabu tena. Kisha jani lenyewe liletwe mezani, na kila mwanafunzi azungushie duara kwa kalamu nyekundu mahali alipoweka mshipa au meno ya ukingo ambayo jani halina. Nyuma ya karatasi aandike ukubwa wa mchoro wa asili, mara alizoukuza, na jina la aliyeuchora kwanza. Tungependa mwalimu naye aandike maelezo hayo hayo nyuma ya kila picha aliyoikuza kwa kompyuta na kuitundika darasani, pamoja na jina la programu aliyoitumia.